Mbaazi za Mwalimu: kwa nini mayai yalishuka, na yalivyorudi bila kununua soya

Kisa hiki ni cha Babati, Manyara, msimu ule mbaazi zilipokosa pa kwenda. Agosti 2017 India iliweka ukomo wa mbaazi za kuingia kwake, tani 200,000 kwa mwaka basi, na kwa vile sehemu kubwa sana ya mbaazi zetu ilikuwa inaelekea kule, bei huku ilianguka vibaya mno, watu waliozoea kuuza kilo kwa elfu na zaidi wakawa wanatajiwa mia chache. Kuanzia Karatu na Babati mpaka Lindi na Mtwara magunia yalibaki stoo, fukusi wakaanza kazi yao. Sasa katika hali hiyo mtu anafuga kuku, ana magunia ya mbaazi yasiyo na mnunuzi, afu kila wiki anaenda dukani kununua mashudu ya soya na dagaa kwa bei ya kuruka. Lazima swali lije tu: si niwape hizi?

Swali ni zuri na jibu lake ni ndiyo, wape. Nalisema mapema kwa sababu kisa chenyewe kilianza vibaya na wengi waliokisikia walitoka na maneno kwamba mbaazi zinaua utagaji, kitu ambacho sio kweli, na kinaniuma maana mkunde ni moja ya vitu vichache mfugaji mdogo anaweza kuvuna mwenyewe shambani kwake bila kumtegemea mtu.

Mfugaji ni mwalimu mstaafu, ana kuku wa mayai kama 400, chotara hana, ni wa kisasa watupu, na walikuwa kwenye umri wenyewe wa kutaga. Alikuwa anaokota trei 11 kwa siku, saa nyingine zaidi kidogo. Chakula anachanganya mwenyewe, na alikuwa anachanganya vizuri tu, kwa kilo 100 alikuwa anaweka mahindi ya kuparaza 50, pumba za mahindi 10, mashudu ya alizeti 16, mashudu ya soya 8, dagaa 7, chokaa 7.5, unga wa mifupa 1, halafu robo kilo ya chumvi na robo kilo ya primiksi, ule mchanganyiko wa vitamini na madini wa dukani. Ukipiga hesabu hiyo inakupa protini ghafi karibu 17 kwa mia, na kuku wa mayai anataka 16 mpaka 17, kwahiyo hapo hakuna neno.

Alichofanya ni hiki: akaondoa soya kilo 8, akaondoa na dagaa kilo 7, jumla 15, mahali pake akaweka mbaazi kilo 15. Kilo kwa kilo. Mbaazi zenyewe zilitoka stoo zikaenda mashineni zikaparazwa pamoja na mahindi, zikaingia kwenye chakula. Dagaa alizitoa kwa furaha kabisa kwa sababu mzigo wa mwisho aliouziwa ulikuwa na mchanga mwingi, na hilo simlaumu, dagaa za kuku ukizimwaga kwenye ndoo ya maji wakati mwingine unabaki unashangaa ulinunua samaki au ulinunua ufukwe.

Wiki ya kwanza hakuna aliyeona kitu. Ya pili trei zikaanza kupungua, na kabla ya trei kupungua sana mayai yenyewe yalikuwa yamekuwa madogo, wateja wa mjini ndio waliosema kwanza. Baadaye ikafika trei 7. Kuku wakaanza kudonoana migongoni, manyoya yakiwa chini wanayaokota wanayala. Mimi nachanganyia watu chakula cha kuku, nikaitwa na mwanawe.

Kitu cha kwanza ambacho kila mtu anafikiria mayai yakishuka ni ugonjwa, na ndivyo inavyotakiwa, usianze na chakula kabla hujauondoa ugonjwa kichwani. Lakini pale hakukuwa na kikohozi, hakuna kuku aliyepinda shingo, hakuna mafua, hakuna vifo vya ajabu, chanjo ya kideri ilikuwa imerudiwa kwa wakati na maji yalikuwepo muda wote. Na kubwa zaidi, magamba ya mayai yalikuwa mazima. Kideri au ugonjwa wa njia ya hewa ukipiga kuku wanaotaga mara nyingi unaona mayai yamepinda, gamba laini, gamba lenye mikunjo, rangi imekwajuka. Pale yai ni gumu, safi, umbo zuri, ila dogo. Yai zuri lakini dogo, halafu manyoya yanaliwa, hapo mimi macho yangu yanahamia kwenye chombo cha chakula.

Nikachota chakula asubuhi kabla hajaongeza kipya, yaani kile kilichobaki chini ya vyombo kutoka jana, nikakimwaga kwenye sinia nikakitandaza kwa vidole. Mahindi hayakuwepo karibu kabisa. Palikuwa na vumbi la pumba, chokaa, na vipande vya mbaazi, vingi, vikubwa, na yale maganda yake mekundu ya kahawia yamejitenga. Kuku ni mchaguzi, ana mdomo wa kuokota punje moja moja, ukimparazia mahindi na mbaazi vipande vikubwa atafuata mahindi kwanza na mbaazi atazirudia akiwa na njaa sana. Kwahiyo hata ile protini kidogo iliyokuwepo kwenye mchanganyo haikuwa inaingia yote tumboni.

Nikamuuliza, mwalimu, hizi mbaazi ulizipika kwanza? Akaniangalia. "Nipike? Kwani mwanangu, kuku anapikiwa mahindi?"

Ni hoja ya haki kabisa ile na inastahili jibu lenye maelezo, sio kumwambia mzee wa watu kwamba kakosea na basi. Nikamwomba daftari, tukakaa.

Tulianza na hesabu ya kawaida. Mashudu ya soya yana protini ghafi kama 44 kwa mia, dagaa nzuri zisizo na mchanga kama 55 hivi, mbaazi 21. Ile soya kilo 8 na dagaa kilo 7 zilikuwa zinaleta kama kilo 7.4 za protini kwenye kila kilo 100 za chakula. Mbaazi kilo 15 zinaleta kilo 3.15. Tayari nusu na zaidi imepotea hapo kabla hatujaongea habari ya kupika wala sumu wala nini. Chakula kizima kilishuka kutoka karibu 17 mpaka 12.5, na hiyo 12.5 hata angeitoa kwenye soya safi ya kiwandani bado mayai yangeshuka. Mwalimu alisikia kwamba mbaazi ni protini, ambayo ni kweli, ila mikunde ya punje kama mbaazi, kunde, choroko na dengu inacheza kwenye 20 mpaka 25, haiko daraja moja na mashudu ya soya ambayo yameshakamuliwa mafuta. Mbaazi zaidi ya nusu yake ni wanga. Na hili watu wengi hawalioni kama faida lakini ni faida, nitalirudia chini.

Hesabu ya pili ndo ngumu kidogo ila ndiyo iliyoua lile banda. Protini ghafi ni namba ya maabara, wanapima naitrojeni wanazidisha kwa 6.25, haikuambii ndani kuna nini. Kuku hahitaji protini kama protini, anahitaji asidi amino zilizomo, yaani vile vipande vidogo vinavyoijenga protini, na kwa kuku wa mayai mbili za kuangaliwa kwanza ni methionini na laisini. Mikunde ina laisini nzuri sana, inaizidi mahindi mbali. Methionini ndio haina. Mbaazi ina kama robo ya asilimia tu, wakati dagaa ina kama asilimia moja na nusu. Sasa methionini ndio inayojenga manyoya pamoja na ndugu yake sisitini, na ndio inayoamua ukubwa wa yai, ikipungua yai linakuwa dogo kabla hata idadi haijashuka, na kuku anaanza kula manyoya ya mwenzake. Tulipojumlisha, chakula cha zamani kilikuwa na methionini kama 0.35 kwa mia, kipya 0.23. Laisini nayo ilishuka, toka 0.8 mpaka 0.5 na ushee, sio kwa sababu mbaazi haina laisini bali kwa sababu kilo zenyewe zilikuwa chache. Kuku mwenye upungufu wa namna hii mwanzoni anajaribu kula zaidi ili afidie, ndo maana mwalimu alikuwa ananiambia chakula kinaisha haraka na mayai hayaonekani, akadhani panya.

Halafu ndo tukaja kwenye kupika. Mahindi hayapikwi kwa sababu punje ya mahindi haijilindi kama mikunde inavyojilinda. Mbegu ya mkunde ikiwa mbichi ina vizuizi vya tripsini, ambavyo ni vitu vinavyoishika ile kimeng'enya inayokata protini tumboni, kwahiyo protini inapita inaishia kwenye kinyesi. Soya mbichi ndio mbaya zaidi kwa hili, kuku akilishwa soya mbichi muda mrefu kongosho linavimba kwa kufanya kazi ya bure. Mbaazi ina vizuizi hivyo vichache kuliko soya, tena kwa mbali, lakini sio sifuri. Kisha kuna tanini, hizi zinakaa kwenye ganda, na mbegu zenye ganda jekundu au la kahawia zinazo nyingi kuliko nyeupe. Tanini inafanya chakula kiwe kichungu kidogo, kuku hakipendi, na inaganda na protini isisagike vizuri. Zile za mwalimu zilikuwa mchanganyiko, nyeupe na zenye madoa na za kahawia, zile zilizokataliwa na wanunuzi hata kabla ya India kufunga.

Joto linavunja vizuizi vya tripsini. Tanini joto haliivunji vizuri, hiyo inapungua kwa kuloweka na kumwaga maji, au kwa kukoboa ganda. Ndo maana sikubaliani na wanaosema choma tu inatosha, kwa soya iliyo na ganda la njano sawa, kwa mbaazi za rangi loweka kwanza.

Basi tulivyofanya. Mbaazi zinalowekwa usiku kucha kwenye pipa, asubuhi yale maji yanamwagwa, yanatoka na rangi kama ya chai ya rangi, hiyo unayoiona ndiyo sehemu ya tanini inaondoka. Maji mapya, moto, zinachemka kama nusu saa mpaka ukibana punje kwa kidole inapondeka lakini haijawa uji. Zinaanikwa kwenye turubai nyembamba nyembamba, jua la Babati miezi ile ni kali, siku mbili zinakauka, na lazima zikauke kweli, ung'ate isikike kak. Ukisaga ikiwa bado na unyevu ndani umejitengenezea ukungu. Halafu zinasagwa laini kidogo kuliko mahindi ili kuku asiweze kuzitenga.

Kuni ndizo zilimuumiza mwalimu, na hapa nataka watu wasidanganyike, kuchemsha gunia kadhaa kwa wiki ni gharama ya kuni, ya maji na ya mtu wa kusimamia. Baadaye alihamia kwenye kuloweka, kuanika, kisha kukaanga na mchanga kwenye pipa lililokatwa, kama wanavyokaanga karanga, kuni zikapungua. Ukikaanga simamia mwenyewe, ganda likipasuka na ile harufu ya ubichi ikiisha toa, ukiacha ziwe nyeusi unakuwa umeiua laisini, inashikana na sukari kwa joto na kuku hawezi kuitumia tena, wakati laisini ndio kitu kikubwa ulichoifuatia mbaazi.

Mchanganyo mpya kwa kilo 100 tukauandika hivi: mahindi 44, mbaazi zilizopikwa 20, mashudu ya alizeti 18, dagaa 7, chokaa 8.5, unga wa mifupa 1.8, chumvi 0.3, primiksi 0.3, na methionini ya dukani gramu 100. Inatoa protini ghafi 16.5, laisini 0.85 hivi, methionini inavuka 0.4.

Angalieni kilichotokea hapo maana ndio kiini cha kisa chote. Soya imeondoka yote. Pumba zimeondoka zote. Mahindi yamepungua kilo 6. Dagaa zimerudi vilevile kilo 7, ila safi, za kuchekecha. Yaani mbaazi haikuchukua nafasi ya dagaa hata kidogo, ilichukua nafasi ya soya na pumba na mahindi kwa pamoja, kwa sababu ni nusu nafaka nusu mashudu. Ule wanga wake nilioutaja juu ndo unaolipa hapa. Mtu anayeitazama mbaazi kama protini tu anaitoa dagaa na kuibakiza pumba, kinyume kabisa na inavyotakiwa. Na alizeti imeongezwa kwa makusudi, alizeti ni maskini wa laisini lakini methionini anayo, mbaazi ana laisini hana methionini, ukiwakutanisha wanafichiana aibu. Aliye na mashudu ya ufuta ana bahati zaidi, ufuta una methionini kuliko alizeti, ila Babati hayapatikani kirahisi.

Kwa nini dagaa nilikomaa nazo? Watu wananiuliza sana hili kwa sababu wanataka chakula kisicho na samaki kabisa, wengine ni kwa bei, wengine yai linanukia samaki pale dagaa zinapozidi. Inawezekana kuziondoa, ila lazima ununue methionini zaidi na laisini, uangalie fosforasi maana ile iliyo kwenye mikunde nyingi imefungwa kwenye fitati, kitu kilichomo ndani ya mbegu, na kuku hawezi kuifungua, na primiksi yako iwe na vitamini B12 ya kutosha kwa sababu mmea wowote ule hauna. Kwa mfugaji wa kuku 400 anayepima kwa mizani ya dukani, dagaa kilo 7 zinamaliza matatizo manne kwa mpigo.

Tulibadilisha kidogo kidogo, robo chakula kipya, nusu, robo tatu, ndani ya wiki na ushee, kuku wanaotaga hawapendi kushtukizwa. Kudonoana kulipoa kwanza. Idadi ya mayai ilianza kupanda wiki ya pili, ukubwa wa yai ulichelewa zaidi, na ikafika trei 10 ikakaa hapo. Trei ya 11 haikurudi. Kuku wengine walikuwa wameshaanza kunyonyoka manyoya kabisa na kusimamisha kutaga, na umri nao ulikuwa unasonga, kwahiyo hiyo tofauti siihesabu kwa mbaazi, naihesabu kwa zile wiki za njaa.

Sasa swala la hela, kwa sababu mchanganyo mzuri wa mwaka ule unaweza kuwa mbovu mwaka mwingine. Usilinganishe bei ya kilo, linganisha bei ya kilo moja ya protini. Tuseme mbaazi ni shilingi 400 na mashudu ya soya 1,600. Gawanya 400 kwa 0.21 unapata kama 1,900, gawanya 1,600 kwa 0.44 unapata kama 3,600, hapo mbaazi inashinda hata ukiongeza kuni. Lakini mbaazi ikifika 2,000 kilo moja ya protini yake inakuwa 9,500 na hapo ni kosa kabisa kumpa kuku, peleka mnadani. Na ndivyo ilivyokuja kuwa, India ilifungua tena uingizaji 2021, mbaazi ikapata heshima yake, mwalimu akauza zake zote na kuku wakarudi kwenye soya. Soya nayo tangu China ifungue soko kwa soya ya Tanzania 2020 ina wanunuzi wengine wa mbali, kwahiyo usiifanye ndoa na mkunde mmoja, kila msimu piga hesabu upya.

Kwa wenye mikunde mingine, haraka haraka. Kunde na choroko zinaenda karibu na mbaazi, pika vilevile, anza na kilo 10 kwenye 100. Soya nzima ya kutoka Songea ni nzuri mno ila usithubutu kuwapa kuku bila kuikaanga, na njia ya kujua kama imeiva ni kusaga kidogo, changanya na mbolea ya urea na maji kidogo kwenye chupa, funika, baada ya dakika 20 fungua unuse, ikinuka amonia kali bado mbichi. Maharage ya kula mimi siwapi kuku kabisa labda yawe yamechemka kweli kweli, maharage mabichi yana lektini inayochubua utumbo na kuyakaanga juu juu hakuiondoi. Majani ya lusina watu wanayapenda kwa rangi ya kiini, yasizidi kilo 5 kwenye 100, yana sumu iitwayo mimosini.

Na msimu ambao mbaazi nzima ni ghali, kinachobaki kwa mfugaji ni chenga, zile zinazotoka kwenye mashine za kukoboa dengu na mbaazi, pamoja na zilizopekechwa na fukusi. Chenga zilizokobolewa zina faida moja, ganda limeshaondoka na tanini yake, unaruka hatua ya kuloweka. Za fukusi nazo hazina shida kubwa, mdudu ni protini pia. Shida ni ukungu. Usinuse gunia mdomoni tu, ingiza mkono mpaka katikati, toa konzi, angalia kama zimeshikana, nusa, zikiwa na harufu ya ukungu ziache hata ukipewa bure, sumukuvu haitoki kwa kuchemsha wala kwa kukaanga, na ukiwa na wasiwasi na mzigo mkubwa peleka sampuli TVLA, wakala wa maabara za mifugo Tanzania, au maabara ya SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine pale Morogoro, wakupimie kabla hujalipa.